Sekunde Nne za Mashoto

Mjukuu wangu aliisoma sentensi ile kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

"'Katika shoti ya thelathini na moja, mwanamke asiyejulikana anainua kichwa na kumtazama mwimbaji kwa matamanio. Hapa mwanamke ametumika kama pambo, kama ilivyokuwa kaida ya video za roki za kipindi hicho.'"

Nikaweka kikombe mezani. "Rudia hapo."

"Wapi, Babu?"

"Kwenye pambo."

Akarudia, safari hii taratibu, kwa sababu alishaiona shingo yangu. Wanasema nikikasirika shingo ndiyo hutangulia. Mimi sijawahi kuiona.

"Huyo pambo," nikasema, "ni bibi yako, mzaa mama yako."

"Najua unasema hivyo, Babu. Ndiyo maana nikaichagua video hii, wenzangu wote wamechagua za juzi juzi. Lakini mhadhiri atauliza ushahidi, nami sina. Na Mama anasema siye."

"Siye!" ikaja sauti ya binti yangu kutoka nyuma ya pazia.

Sebule yetu tumeigawa kwa pazia hilo. Upande wa barabarani binti yangu anasuka watu na kuwakata nywele. Upande wa ndani tunakula, tunasoma na kugombana. Pazia linazuia macho tu. Neno halizuiliki.

"Baba, usimtie mtoto uongo kwenye kazi ya chuo. Watamfelisha."

"Uongo wa nani?"

"Sijasema wa nani. Inamisha kichwa, dada, hapo hapo." Hayo ya mwisho alimwambia mteja wake, na mashine ya kukaushia nywele ikaanza kuvuma tena, maana ndivyo binti yangu anavyofunga mjadala.

Ugomvi huu una miaka sita, na chanzo chake ni sekunde nne.

Video yenyewe ina miaka arobaini na mitatu. Vijana wanne wenye nywele za kufika mabegani na magitaa ya umeme walikuja kuipiga ndani ya kiwanda cha mashati nilichokuwa fundi wa mashine. Mke wangu alikuwa mkata kitambaa. Jina lake la kiwandani lilikuwa Mashoto, kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, na mikasi yote ya kiwanda ilitengenezwa kwa watu wa kulia. Akaomba mkasi wa kushoto, akaambiwa aliyemuumba ndiye amletee. Basi akajifunza kuubana huo huo wa kulia kwa mkono wa kushoto, ukimng'ata kila siku kwenye gumba, hadi gumba likaota sugu ngumu kama kwato. Alikuwa akikata safu thelathini za kitambaa kwa mara moja na ukingo unatoka kama umechorwa na rula.

Madirisha ya kiwanda kile yalipigiliwa misumari. Mwenye kiwanda alisema upepo unapeperusha vumbi la pamba lichafue mashati. Kwa hiyo vumbi likabaki ndani, tukalivuta sisi. Tuligoma siku kumi na tisa tudai madirisha yafunguliwe. Nilikuwa mmoja wa waliopita mashine kwa mashine kusema na watu, na sikusoma popote kufanya kazi hiyo. Niliisomea kwenye magazeti yaliyofungia vitafunwa. Mgomo ulivunjwa. Miaka miwili baada ya video, Mashoto akafa kwa kifua, na binti yetu ana miaka minne. Wiki ya matanga haijaisha, watu wa usalama wakaja kupekua nyumba yangu wakitafuta karatasi za uchochezi. Waliondoka na magunia mawili, na juu ya gunia la pili waliweka albamu yetu yenye jalada jekundu, picha zote za mke wangu zikiwa humo. Namba ya gari lao ninayo kichwani hadi leo. Nimeandika barua kumi na moja kuidai albamu. Nakala ninazo.

Ndiyo maana sekunde nne ni nyingi. Hakuna picha nyingine ya mke wangu duniani.

Tuliiona video hiyo mara moja tu enzi zile, kwenye televisheni ndogo ya bwalo la kulia chakula, watu mia moja tumebanana. Mashoto alipotokea bwalo zima likapiga kelele. Alikuwa kwenye meza yake, mkasi mkononi, anakata, mara anainua kichwa na kutazama pembeni, na midomo inataka kucheka lakini anaizuia. Mara mwimbaji anatokea, anatazama naye. Wenzangu wakanitania mwezi mzima. "Fundi, mkeo kamkodolea macho mwenye gitaa! Nunua wigi, ndugu, vinginevyo umeachwa." Nikacheka kwa nje. Nyumbani nikamuuliza, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, alikuwa anatazama nini.

Akasema, "Nilikuwa natazama kilicho changu."

Hakuongeza. Mashoto alikuwa akisema jambo mara moja kama anayekata kitambaa: hakuna kurudia mstari.

Halafu miaka sita iliyopita mjukuu, bado yuko sekondari, akaikuta kwenye kompyuta. Mtu asiyejulikana ameiweka huko, Mungu ampe umri. Nikaisimamisha pale pale uso wake unapoinuka, nikamwita binti yangu aje amwone mama yake. Alikuja mbio na mikono ina mafuta ya nywele. Akatazama. Nikaona uso wake unafunguka, kisha nikauona unafungwa.

"Huyu anakata kwa mkono wa kulia," akasema.

Na kweli. Mimi nilikuwa nimeangalia uso tu. Mkasi ulikuwa mkono wa kulia.

"Walimlazimisha," nikasema. "Wale wa kamera. Wameona mkono wa kushoto unaharibu picha yao, wakamwambia ashike kulia. Si ndivyo walivyo? Hata mkono wako wanataka kukupangia."

"Mama yangu alikuwa na mashoto," akasema binti yangu. "Baba, mimi sina kitu kingine. Sikumbuki uso, sikumbuki sauti. Nakumbuka mkono unaonikata kucha. Nimekaa mapajani, na mkasi unakuja kutoka upande huu, na gumba ni gumu. Hicho ndicho nilicho nacho. Ukiniambia huyu wa mkono wa kulia ndiye, basi umenipa mwanamke nisiyemjua na kuninyang'anya ninayemjua."

Hakuitazama tena. Kwa hiyo nyumba moja ikawa na marehemu mmoja wa vipande viwili, na kila kipande kinakikataa kingine. Mimi nina uso usio na mkono wake. Yeye ana mkono usio na uso. Binti yangu amefika miaka arobaini na mitano hajui mama yake alikuwa anafananaje, na jawabu lipo mezani pa kulia chakula, nami sina namna ya kumpa.

Sasa na mjukuu ameandika pambo.

"Futa," nikamwambia.

"Babu, siwezi kufuta kaida. Sikiliza kwanza, usipandishe." Akanivutia kiti. Mjukuu huyu ana miaka ishirini na mmoja na ana subira ambayo haikutoka kwangu. "Video za muziki zina mazoea yake. Wasomi waliyaangalia wakayapanga. Kwanza, lazima tuwaone wanamuziki wanapiga. Hiyo inatuaminisha kwamba ni wapigaji kweli. Pili, mwimbaji lazima apewe picha za karibu za uso, maana kampuni inauza uso. Tatu, kuna mchezo wa kutazama: nani anatazama, nani anatazamwa. Mara nyingi mwanaume anatazama na mwanamke anatazamwa. Nne, maneno ya wimbo na picha vina uhusiano. Picha inaweza kuonyesha maneno yale yale, au kuyakuza, au kuyapinga."

"Wimbo wao unasema nini?"

"Uhuru. Kiitikio chote ni kuvunja minyororo."

"Na wamesimama wapi wakiimba?"

Akaangalia. "Juu ya meza."

"Meza ya kukatia. Kwa viatu. Juu ya kitambaa cha mashati ambacho sisi tukikiwekea hata kiwiko tunapewa onyo. Wanaimba uhuru, na nyuma yao madirisha yana misumari. Na sisi tumeamriwa atakayetazama kamera asije kesho. Mwishoni wamemshukuru nani?"

Akasogeza video hadi mwisho, ambapo maandishi yanapita. "Mwenye kiwanda. Kampuni ya soda. Na..." Akacheka, akaziba mdomo. "Babu, wamemshukuru mbwa."

"Mbwa wa mwenye kiwanda. Alikuwa na jina, unaona? Sisi mia moja na kumi hatuna. Andika: picha inayapinga maneno. Haya ndiyo nilikuwa nawaambia watu mashine kwa mashine, kabla wasomi wako hawajazaliwa."

"Walikuwa wameshazaliwa, Babu."

"Basi walichelewa kuamka."

Lakini aliandika. Nilimwona akiandika, na akapiga mstari chini. "Wewe ungekuwa mhadhiri wangu," akasema, "tungefeli darasa zima, ila tungefurahi."

Tukaendelea na jedwali lake. Chuo kinataka kila shoti, yaani kila kipande cha picha tangu kamera inapowashwa hadi kinapokatwa, kiandikwe: namba yake, urefu wake, ukubwa wa mtu ndani yake, mwanga unatoka upande gani, na macho yanaelekea wapi. Shoti sitini na nane. Alikuwa amejaza zote isipokuwa safu ya mwanga, ambayo ndiyo ilikuwa inamtoa jasho.

"Nisaidie. Ulikuwepo. Madirisha yalikuwa upande gani?"

Nikasimama nikampangia chumba kwa viti. Ukumbi wa kiwanda ulikuwa mrefu mwembamba kama ndani ya treni. Kiti hiki ni meza ya Mashoto, katikati. Mkono wa kushoto, huku mwisho, ukuta wa maboksi. Hapo ndipo waliposimama wenye magitaa. Mkono wa kulia, mwisho ule mwingine, madirisha. Kamera walikaa nayo upande mmoja siku nzima, huku tulipokaa mimi na wewe, kwa kuwa upande wa pili mashine ziligusa ukuta na hapakuwa na pa kupita.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi?" Nikaenda kwenye kabati la vyombo, mwisho wa chumba. "Hapa, kati ya dirisha la pili na la tatu. Taa zao zilikula umeme hadi fyuzi zikakatika mara tatu, nikaamriwa nisimame kwenye swichi kubwa niushike mpini. Na nigeukie ukutani, nisiharibu picha kwa uso wangu. Nikasimama hivi, kama mtoto aliyeadhibiwa, nawapa mgongo. Wimbo wote nimeusikia, sikuuona hata kidogo."

Mjukuu alicheka jinsi nilivyosimama nikiwa nimelitazama kabati la vyombo. Kisha akarudi kwenye jedwali. "Basi rahisi. Kamera haikuvuka upande, kwa hiyo mwanga utatoka kulia kila mahali." Akaanza kujaza kwa kasi, akiipitisha video mbele. "Kulia. Kulia. Kulia. Mwimbaji, kulia, anatazama kulia. Kulia..."

Akaisimamisha video.

"Nini?"

"Shoti ya thelathini na moja. Mwanga unatoka kushoto."

"Haiwezekani. Kushoto ni ukuta wa maboksi. Hapakuwa na tundu la kupitisha hata sindano."

"Tazama mwenyewe."

Nikavaa miwani. Uso wa mke wangu ulikuwa pale, umeinuka, na mwanga unauosha. Na ni kweli ulitoka kushoto. Miaka sita namtazama, sikuwahi kumwuliza mwanga umetoka wapi.

"Labda walileta taa," nikasema.

"Labda." Lakini hakuiandika labda yake. Aliirudisha nyuma, akaicheza polepole. Akaicheza tena. Safari ya tatu aliweka kidole kwenye skrini, mbali kabisa na Mashoto, juu kwenye kona, penye kitu cha mviringo kilichofifia.

"Hii ni saa?"

"Saa ya ukutani. Haina namba, mistari tu. Mwenye kiwanda aliinunua hivyo tusijue vizuri muda wa kutoka."

"Babu, mshale wa sekunde unarudi nyuma."

Nilidhani ni utani. Akaicheza. Mshale mwembamba ulikuwa unaruka: tik, tik, tik, tik. Mara nne. Kinyume.

"Wameicheza picha kinyume," nikasema. "Walikuwa wahuni wale, waliweza lolote."

"Nilidhani hivyo na mimi. Lakini angalia chini ya mkasi." Vipande vidogo vya uzi vilikuwa vinadondoka kutoka mezani. Vinadondoka, yaani vinakwenda chini kama kitu chochote cha dunia hii. "Wangeicheza kinyume, nyuzi zingepanda juu. Muda unakwenda sawasawa. Kilichogeuzwa ni upande. Kushoto kumekuwa kulia, kulia kumekuwa kushoto, kama kwenye kioo. Na najua kwa nini!" Sasa alikuwa amesimama, na nikaona mtu wa kwetu hasa, maana wa kwetu hawezi kufikiri amekaa. "Kuna kaida ya macho. Ukitaka watu wawili waonekane wanatazamana, wa kwanza atazame kulia, wa pili atazame kushoto. Mwimbaji anatazama kulia. Wakamtaka mwanamke atakayemtazama kutokea upande wa pili. Walikuwa na picha nzuri ya mmoja tu, lakini naye alitazama kulia. Basi aliyekuwa anakata filamu akaigeuza ubavu. Ni kazi ya dakika moja, wanafanya hadi leo. Nani atatazama saa?"

Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilikuwa natazama mkasi.

"Kama kulia kumekuwa kushoto," nikasema.

"Ndiyo, Babu."

"Basi mkono huo..."

"Ngoja, kuna programu ya kuigeuza irudi, niishushe. Itachukua kama..."

Sikungoja. Nilivuka pazia. Binti yangu alikuwa amenipa mgongo, anachagua vibanio, na mteja kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa. Kwenye msumari kulikuwa na kile kioo cha mkono ambacho humwonyeshea mtu kisogo chake. Nikakitungua, nikatoka nacho kama mwizi wa kuku.

Mjukuu alielewa kabla sijasema. Akakishika kioo mbele ya skrini, na mimi nikasimama nyuma ya kompyuta, nikachungulia juu yake hadi ndani ya kioo. Akabonyeza.

Mashoto alikuwa anakata. Kwa mkono wa kushoto. Mkasi umembana kwenye gumba vile vile, kiwiko kimeinuka kidogo kama bawa, kama alivyokuwa akikiinua ili mkasi usimng'ate. Nilikuwa nimekisahau kile kiwiko. Miaka arobaini na mmoja tangu afe, na namba za magari ninazikumbuka, na kiwiko cha mke wangu nilikuwa nimekisahau.

"Nani kachukua kioo changu?"

Binti yangu alitoka nyuma ya pazia, kitana mkononi, vibanio vitatu vimebanwa mdomoni. "Baba, mteja anataka kuona nyuma, na nyinyi mnachezea..." Akafika ubavuni kwangu kukinyakua. Mkono wake ukafika kwenye kioo, ukabaki hapo hewani.

Video ilikuwa imeshapita. Ndani ya kioo kulikuwa na mpiga ngoma anatikisa nywele.

Alitoa vibanio mdomoni kimoja kimoja. "Irudishe," akasema.

Mjukuu akairudisha.

Sekunde nne. Mkasi, kiwiko, uso unainuka, midomo inazuia kicheko.

"Tena."

Sikumtazama. Nilijua nikimtazama nitaharibu. Nikamsikia tu akivuta kiti kile nilichokuwa nimekiweka kuwa meza ya mama yake, akaketi.

"Tena, mama," akamwambia binti yake, sauti ndogo.

Safari ya tano aliinyanyua mikono yake miwili, akavishika vidole vya mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, kama mtu anayekatwa kucha na mtu mwingine. "Mkono ulikuja hivi," akasema. "Kutoka huku. Nilikuwa nadhani labda nimejitungia. Mtoto wa miaka minne, nani atamwamini? Hata mwenyewe nilianza kutojiamini." Akajigusa kidevu. "Kumbe hiki kidevu nimekipata kwake. Mimi nilidhani ni chako, Baba, nikawa nakilaumu."

"Changu hiki?" nikasema. "Ungekuwa na bahati."

Akacheka, na kicheko kikavunjika katikati, mjukuu akakiacha kioo akaenda kumshika.

"Jamani!" Mteja alikuwa amesimama penye pazia, nusu kichwa nywele zimesimama kama anayekimbia moto. "Nimeachwa kule kama msiba. Kuna nini?" Akaiona skrini. "Ni nani huyo?"

Binti yangu akajifuta kwa kiganja. Alinyoosha kidole. Katika maisha yake yote hajawahi kunyoosha kidole kwenye kitu akasema neno lile.

"Mama yangu."

"Mzuri," akasema mteja, kwa heshima, akavuta kiti akakaa na kichwa chake hivyo hivyo. "Anacheka na nani?"

Hapo mjukuu aliinua uso. "Ndiyo hiyo, Babu. Nilichoandika ni makosa. Kama ameg..., kama picha imegeuzwa, basi hamtazami mwimbaji. Mwimbaji alikuwa kushoto, huku kwenye maboksi. Bibi anatazama kulia, madirishani. Ndiyo maana mwanga wote umempata usoni." Akageuka kutazama viti, akafuata kwa macho kutoka kiti cha meza hadi mwisho wa chumba. Macho yake yakafika kwenye kabati la vyombo. "Madirishani kulikuwa na nini?"

Nilijifanya napangusa miwani.

"Baba?" akaita binti yangu.

"Swichi," nikasema.

"Alikuwa anaichekea swichi?"

"Na aliyeishika."

Nilipata kuhutubia kiwanda kizima nimesimama juu ya toroli la makaa, bila kumeza mate. Siku hiyo maneno matatu yalinimaliza pumzi. Nilikuwa nimewapa mgongo, nimetazama ukuta kama nilivyoamriwa, nimekasirika mpaka masikio, nao wananikanyagia kitambaa. Sikujua kwamba nyuma yangu mtu ameacha kazi, ameinua kichwa mbele ya kamera iliyokatazwa, anautazama mgongo wa mume wake aliyeadhibiwa na anazuia kicheko. Akaniambia mwenyewe jioni ile. Kilicho changu. Nikaona ananipiga chenga. Nikabaki na wivu wa kijinga kwa kijana wa gitaa miaka arobaini na mitatu, na miaka sita ya mwisho nikamlaani mtu wa kamera kwa kumlazimisha mke wangu mkono, jambo ambalo hakulifanya. Yako mengi aliyoyafanya, na hayo sijamsamehe. Lakini lile nilimsingizia, na kwa kumsingizia nikamnyima binti yangu mama yake, maana nilikuwa na jibu tayari na mwenye jibu hatazami tena saa ya ukutani.

"Nisamehe," nikamwambia binti yangu. "Nilikuwa na hakika ya uso, nikaona mkono wako hauna maana."

"Na mimi uso wako nikaukataa," akasema. "Tumetoshana."

Mjukuu alikuwa amerudi kwenye kazi yake. Alifuta *mwanamke asiyejulikana*. Kidole kikasimama. "Sasa niandike nani?"

"Andika mkata kitambaa," nikasema. "Andika mikasi ilikuwa ya kulia. Andika na madirisha."

"Andika Mashoto," akasema binti yangu. "Jina la kiwandani, lililomfaa."

"Na pambo naliacha," akasema mjukuu, akaninyooshea kalamu kabla shingo yangu haijaanza safari. "Subiri, Babu! Naandika kwamba kaida ndiyo iliyomfanya pambo. Walimgeuza ubavu ili aonekane anamtazama waliyemtaka wao. Halafu naeleza alikuwa anatazama nini. Na ushahidi ninao: mwanga, saa, nyuzi. Mhadhiri aje na lake."

Sikuona pa kupinga, na hilo si jambo la kila siku.

Binti yangu alikichukua kioo chake mwenyewe, akakishika mbele ya skrini kwa mikono miwili, akatuashiria tukae nyuma ya kompyuta, mimi na mteja pia. "Mara moja ya mwisho," akasema, ingawa alishasema hivyo mara mbili.

"Na mimi kisogo changu nitakionaje?" akauliza mteja. "Kioo si ndicho hicho?"

"Subiri, dada," akasema binti yangu, macho hayatoki kwenye kioo. "Ni sekunde nne tu."